Mawese Kwenye Klachi: Kutoka Gwarama Kwenda Munanila Kuposa

Tangu nirudi, kila nikiingia ofisi ya walimu naulizwa swali lile lile, na kila nikifungua mdomo kengele inalia. Mmebaki na vipande. Mmoja kasikia nimekaanga klachi. Mwingine kasikia nimeshinda Makere nikiota jua kama mjusi. Na yupo anayetangaza kwamba pijo langu nililisukuma kwa mikono mpaka mpakani. Sasa someni hapa, nimalize mara moja, mniache nisahihishe madaftari.

Kwa asiyejua, pijo ni lile gari langu la rangi ya maziwa, aliloniachia marehemu baba. Tunakaribiana umri, na wote wawili asubuhi tunaamka kwa kukohoa. Abiria alikuwa Nestori, mwalimu mwenzetu wa hisabati, anayekaa chumba changu cha uani tangu alipoletwa Gwarama. Safari yenyewe ilikuwa ya kumposea Yustina, nesi wa Kasulu, ambaye kwao ni Munanila, kule juu ambako ukinyoosha mkono unaigusa Burundi. Baba yake, Mzee Bukuru, alikwishatuma neno: waje Jumapili baada ya misa, na kijana aje na watu wake. Binti yangu, alisema, simtoi kwa mtu mmoja.

Hapo ndipo palipokuwa na mwiba. Nestori hana watu. Alizaliwa kambi ya wakimbizi ya Mtabila, wazazi hakuwajua, akalelewa na bibi yake, na bibi alipofariki hakubaki na ndugu hata mmoja upande huu wa mpaka. Uraia anao, kazi anayo, adabu anayo ya kumgawia jirani. Watu ndio hana. Mume wangu alikuwa awe mzee wa msafara, lakini mgongo ukamkamata, akawa haketi wala hasimami. Nestori akanong'ona kwamba labda tuahirishe. Nikamwambia posa haiahirishwi kama mtihani. Nitakwenda mimi, nitasema mimi. Nimewanyamazisha watoto wasiomsikiliza hata mkuu wa shule, nitashindwa na mzee mmoja wa Munanila?

Gwarama hadi Kibondo

Tuliondoka Alhamisi, ukungu ukiwa bado umelala mabondeni. Mnaujua ukungu wetu: unaliona paa, nyumba yenyewe huioni. Migomba ilikuwa inatokeza mmoja mmoja kando ya barabara, inatutazama, inarudi ilikotoka. Nestori alikuwa amepakata dumu la mawese, zawadi ya mama mkwe, mawese safi ya kutoka ziwani aliyoyaagiza mwenyewe. Hakukubali yawekwe nyuma pamoja na kreti za soda. Kwa baridi ile yalikuwa yameganda, ukilitikisa dumu halisemi kitu.

Nilikuwa nimevaa kandambili, maana viatu vya sherehe nilivihifadhi kwenye mfuko. Njiani nikahisi mguu wa kushoto umelowa. Nikadhani ni umande. Mbele kidogo nikahisi unateleza, na nilipoukanyaga klachi, pedeli ikashuka taratibu mpaka sakafuni, kama mtu anayejilaza kitandani baada ya kazi, na hairudi. Gia zikasaga. Nestori akaniuliza kama kuna tatizo. Nikamjibu kwamba anayeendesha ni mimi.

Kibondo, dereva mmoja wa lori aliinamisha kichwa chini ya usukani wangu, akanusa vidole vyake, akatoa hukumu. Klachi ya gari hili, alisema, haivutwi na waya. Ukikanyaga pedeli, kuna pampu ndogo mbele ya mguu, inaitwa masta silinda, nayo inasukuma mafuta ya breki kwenye mrija mpaka kule chini kwenye gia. Raba za ndani zimechoka, mafuta yanakuja kumwogesha mama mguu. Badilisha pampu nzima.

"Hapa Kibondo inapatikana?" nikauliza.

"Ya pijo? Mama, hapa hata pijo lenyewe tunaliona kwako. Jaribu Kasulu."

Duka la spea lilikuwa na chupa moja ndogo ya mafuta ya breki, ya mwisho. Tukaimimina yote kwenye kikopo cha klachi, pedeli ikapanda, na mimi moyo ukapanda nayo. Tulilala kwa rafiki yangu tuliyesoma naye chuo, akatupikia ugali wa muhogo na dagaa, tukacheka mpaka nikasahau kwamba gari linaumwa.

Kibondo hadi Makere

Ijumaa ile ningependa muione. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na vilima vilikuwa vimejipanga kimoja nyuma ya kingine, cha karibu kijani, cha mbali bluu, cha mbali zaidi hukijui kama ni kilima au wingu. Gari linateleza kwenye lami, dirisha wazi, harufu ya udongo na moshi wa majani ya mikaratusi. Mguu wangu wa kushoto ukaanza kulowa tena. Nikanyamaza. Kuna uzuri ambao ukiutia maneno ya pampu na raba unaharibika.

Ilipofika mahali pedeli ikawa imekufa kabisa, nikaamua jambo moja: sisimami. Gari likishaingia gia ya tatu linakwenda lenyewe, na breki zina kikopo chake, zilikuwa nzima. Shida ni kusimama na kuondoka tena. Basi tukapita vijiji kama watu wanaopita ndotoni. Watoto wanapunga mkono, tunapunga, tunapita. Mzee kanyoosha fimbo kuomba lifti, nikamwamkia kwa dirisha, tukapita, nikaona kwenye kioo bado ameinua fimbo, anashangaa mwanamke gani huyu mwenye heshima na roho mbaya kwa pamoja. Penye mlima niliusikiliza mngurumo, unapolegea natelezesha gia bila klachi, kama alivyonifundisha baba. Ikiingia vizuri Nestori anashusha pumzi.

Njaa ikatushika. Kwenye mteremko mmoja palikuwa na mama anachoma mahindi. Nikapunguza mwendo mpaka gari likawa linatembea kama bibi harusi, Nestori akaruka, akakimbilia mahindi, akarudi mbio na mawili mkononi huku yule mama naye anamfukuza na chenji. Ndiyo mahindi matamu kuliko yote niliyokula mwaka huu.

Tulipovuka daraja la Malagarasi nikaona mto umejaa, maji ya kahawia yanakwenda bila sauti, na nusura nisinzie kwa kuyatazama. Na kweli dunia haina huruma na mtu anayeota. Mbele yetu kundi la ng'ombe lilikuwa limelala barabarani, limelala, halikuwa linavuka. Nikasimama. Gari likazima. Nikajaribu kuliwasha likiwa kwenye gia, betri ikatoa mlio mmoja wa kuomba radhi. Hapo hakuna mteremko mbele wala nyuma.

Waliotukuta walikuwa wachunga ng'ombe wawili na mwanamke mmoja mwenye furushi la vitenge, ambaye pikipiki iliyomchukua ilikuwa imepata pancha. Akajitambulisha: Mama Furaha, Mkongomani wa Fizi, ameolewa Kasulu, anauza vitenge sokoni. Akazunguka gari letu mara moja, akasoma hali, akaona dumu kwenye mikono ya Nestori.

"Sasa weye mama, unalia nini? Mafuta si iko hapa?"

"Hayo ni mawese, dada yangu. Hii inataka mafuta ya breki."

"Mafuta ni mafuta. Kwetu Fizi, bwana wangu wa kwanza alikuwa na camion, lori kubwa. Breki inakauka, anatia mawese. Njo vile ilikuwa inatembea."

"Na huyo bwana wa kwanza yuko wapi?" nikauliza.

"Ah, yeye alikufa na malaria. Camion haina makosa."

Nestori alinitazama kwa yale macho yake ya hesabu. Zawadi ya mkwe haifunguliwi njiani, hilo analijua hata mtoto. Lakini zawadi isiyofika ni zawadi gani? Akafungua mwenyewe. Jua lilikuwa la mchana, mawese yalikuwa yameyeyuka, yakaingia kikoponi mekundu na mazito, yakinukia maharage. Tukapampu pedeli, tukapampu, ikaanza kupata nguvu. Wachunga ng'ombe wakatusukuma, gia ikaingia, gari likaondoka. Mama Furaha akapanda na vitenge vyake bila kuulizwa, akaanza kuimba. Mwendo uliobaki mpaka Makere klachi ilikuwa laini, na mimi nikawa nimeshaamini kwamba watengenezaji wa magari hawajui lolote na wanawake wa Fizi wanajua kila kitu.

Makere, tukingoja jua

Tulilala kwa shemeji yake Mama Furaha. Walitupa sombe na samaki mgebuka wa kukaushwa. Nikasema kisamvu hiki kimepikwa vizuri, wakanicheka, wakanifundisha kuita sombe, nikala mara ya pili ili neno lishike.

Asubuhi nikawasha gari. Likanguruma. Nikakanyaga klachi: pedeli ngumu kama nimekanyaga jiwe. Nikaweka uzito wangu wote, nao si haba. Ikashuka nusu, ikabaki hapo hapo. Nestori akafungua boneti, akachungulia kikopo.

"Mwalimu," akasema, "yameganda."

Enyi wenzangu, sote tunaishi nyanda hizi. Sote kila asubuhi tunaweka chupa ya mawese karibu na jiko kabla ya kuunga mboga. Na watu watatu wazima, mmoja ana digrii, tulikuwa tumeyatia kwenye gari bila hata mmoja kukumbuka kwamba kutakucha. Mama Furaha akasema Fizi kuna joto, ndiyo maana bwana wake hakupata shida. Nilitaka kukasirika, kicheko kikaniwahi. Ilikuwa Jumamosi, kesho yake tunatakiwa Munanila, na sisi tunalingoja jua lipike klachi.

Wenye nyumba walituletea viti na chai ya tangawizi. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni taratibu, unashika mgomba mmoja, unauachia, unashika mwingine. Jogoo wanawika mbali, huwezi kujua ni upande gani. Kila apitaye anasimama, anatuamkia kwa makofi yao yale ya taratibu, "Mwakeye," anauliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi, za mvua, na mwisho kabisa, kama jambo dogo, anauliza kwa nini boneti iko wazi. Tukieleza, anaitikia kwa kichwa bila kucheka, anavuta gogo, anakaa. Tukawa kundi zima tunaitazama injini. Hakuna aliyekuwa na haraka isipokuwa mimi, na hata mimi haraka ilikuwa inanitoka kidogo kidogo, sijui inakwenda wapi.

Hapo ndipo Nestori alipozungumza. Alisema anamwogopa Mzee Bukuru kwa sababu swali lake ni la haki. Bibi yake alipofariki, alisema, watu waliombeba walikuwa majirani wa foleni ya maji, na baadaye kambi ikafungwa, kila mmoja akaenda zake. Kutoka mahali fulani njiani ukitazama upande wa Mtabila unaona miti tu, kwa hiyo hata mahali pa kuonyesha kwamba hapa palikuwa kwetu hana. "Sasa nikiulizwa watu wangu, Mwalimu, nionyeshe nini?" Nilimmiminia chai nyingine. Niliumia sana, nami si mtu wa kuumia kirahisi.

Jua lilipofika kwenye boneti, harufu ya mawese ya moto ikaanza kupanda. Nestori akakanyaga. Pedeli ikashuka, ikarudi. Kundi zima likasimama, likatusukuma kwa heshima kubwa.

Kasulu, kwa Fundi Zakaria

Sokoni Kasulu kila tuliyemuuliza alitupeleka kwa Fundi Zakaria, na kumbe sababu ni kwamba kila mtu amechoka kumsikiliza, anataka kumgawia mwingine. Ni Muha wa hapo hapo, mtu mzima, mnene, mdomo haupumziki. Alikuwa na uwanja wenye magari yaliyokufa, kuku wanataga ndani yake. Alipofungua kikopo cha klachi akarudi nyuma.

"Nani kapika humu?"

Mama Furaha akatazama pembeni.

"Njooni," Zakaria akawaita mafundi wenzake. "Njooni muone klachi imeungwa. Imebaki chumvi tu."

Wakaja, wakanusa, mmoja akauliza kama kuna ugali. Nilivumilia. Mgeni hana wa kumgombeza. Ila alipotaka kunifafanulia maana ya klachi nikamwambia naijua, nimeendesha nusu ya mkoa bila hiyo, na yeye afanye kazi.

Akafanya. Akachomoa pini kwenye pedeli, akalegeza nati mbili zilizoishika pampu ukutani, akafungua mrija, akatoa ile masta silinda ya zamani, nyeusi, imelika ndani mpaka imepata mfereji. Raba zake zilikuwa zimevimba kama maharage yaliyolowekwa usiku kucha. Akasema zilikuwa mbovu toka zamani, mawese yamezimalizia. Kisha akaingia chumbani kwake, akatoka na boksi lililofungwa kwa kitambaa. Ndani yake kulikuwa na masta silinda mpya ya pijo, inang'aa. Alikuwa ameinunulia gari la mteja, mteja akauza gari kabla haijafungwa, na yeye akaitunza miaka yote hiyo, kila akihama gereji anahama nayo. "Nilijua lipo pijo moja duniani litanijia," akasema, na kwa mara ya kwanza hakuwa anajisifu.

Mrija ukasafishwa, raba ya kule chini kwenye gia nayo ikabadilishwa, mafuta ya breki halali yakamiminwa. Ikabaki kutoa upepo. Mimi nikakaa kwenye usukani, Zakaria kalala chini ya gari. "Kanyaga." Nakanyaga. "Shikilia." Nashikilia, nasikia kule chini hewa inatoka kwa sauti ya mtoto anayecheua. "Achia." Naachia. Kanyaga, shikilia, achia. Jua la alasiri linaingia kwa pembeni, vumbi linaelea ndani ya gari alilolipenda baba yangu, na ile sauti kutoka chini haichoki. Nafikiri ni hapo nilipopumzika kuliko popote katika safari nzima. Upepo ulipokwisha pedeli ikawa imara, nikaikanyaga mara kadhaa zaidi kwa raha tu.

Sasa wakati ananawa, akauliza twendako. Nikamwambia: Munanila, kuposa. Akauliza msemaji wetu yuko wapi. Nikasema msemaji ndiye huyu hapa, na hotuba ninayo kichwani.

Zakaria akaacha kunawa. "Mama, wewe ni nani kwa kijana?"

"Mimi ndiye mama. Leo mimi ndiye kila kitu."

"Basi huwezi kusema. Mama hasemi. Mama anakaa, anatazamwa. Anasema mwanaume wa upande wenu, na wala siyo baba. Ukisimama wewe, wanajua hamna mtu."

"Kwetu Kondoa nikitaka kusema nasema."

"Kondoa mtaoa mkifika Kondoa. Munanila wanaoa hivi."

Nikamgeukia Mama Furaha nikitegemea msaada. Akatikisa kichwa kwa huzuni. Kwao pia ni hivyo hivyo. Nilikuwa nimelileta gari mpaka pale kwa mawese na kwa jua, na kumbe kilichokosekana hakikuwa pampu. Nestori alikuwa amekaa juu ya tairi, uso umemshuka. Nikaogopa. Niliona tunafika Munanila, tunakaa kwenye benchi, na hakuna wa kufungua mdomo.

"Nitasema mimi," Zakaria akasema.

Tukamtazama.

"Kwani kuna tatizo? Koti ninalo. Kiha ninacho, Kirundi ninacho. Na gari sijalisikia kwenye mlima wa Buhigwe, siwezi kuachia kazi ambayo sijaisikia mlimani."

Mama Furaha naye akasema basi yeye atakuwa shangazi, kwa sababu posa isiyo na mwanamke wa kubeba zawadi kichwani ni posa ya wahuni, na kwa sababu upungufu wa dumu ulikuwa dhambi yake. Akaenda sokoni kulijaza mpaka shingoni.

Kasulu hadi Munanila

Jumapili klachi ilikuwa laini mpaka nikawa naona haya. Barabara inapanda, inazunguka, inapanda, na kila kona Zakaria anainua kidole tunyamaze asikilize, kisha anasema, "Umesikia? Husikii kitu. Ndiyo kazi hiyo." Mashamba yamebandikwa kwenye vilima mpaka juu, maharage, mahindi, kahawa, na watu waliotoka misa wanatembea kwenye kingo kwa mstari, nguo zao nyeupe, kama wanakwenda mahali ambako na sisi tutafika. Mbele kabisa milima ya Burundi ilikuwa imekaa ndani ya mwanga wa maziwa. Nestori aliitazama muda wote. Safari hii nilisimama kila nilipotaka, na kila aliyenyoosha mkono nilimwamkia nikiwa nimesimama.

Kwa Mzee Bukuru

Walitukaribisha kwenye mabenchi mawili uani. Mzee Bukuru ni mwembamba, mrefu, sauti ndogo. Ndugu zake walikuwa wamejaa upande wao mpaka kwenye ngazi. Sisi tulikuwa wanne, na benchi la pili lilibaki tupu, na kila mtu aliliona. Mama Furaha akaingia na dumu kichwani bila kulishika kwa mkono, akalishusha mbele ya mama wa Yustina, akapiga goti. Hapo tukapata angalau mnong'ono mzuri.

Zakaria akasimama. Wallahi alianza vizuri. Alisalimia koo, akasifu mvua, akasema ng'ombe wetu amepotea na nyayo zimeishia kwenye zizi hili. Kisha koti likampa kiburi. Akasema nyumba ya mwanaume asiye na mke ni gari lisilo na klachi: kukimbia linakimbia, lakini popote penye watu wema linapita tu, haliwezi kusimama. Vijana wakacheka. Mzee hakucheka.

"Gari nimeliona," akasema. "Lipo hapo nje, zuri. Watu ndio nawatafuta. Wewe fundi ni nani wake? Jana asubuhi ulikuwa unamjua?"

Zakaria akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu ukabaki wazi bila kitu. Hakutaka kudanganya, namshukuru kwa hilo.

"Mnafikiri nauliza damu," Mzee Bukuru akaendelea, pole pole. "Mimi mwenyewe nilifika nchi hii na mke na sufuria. Nauliza jambo moja. Siku kijana huyu akimtesa binti yangu, au akimwacha na njaa, au akapotea, nikafunga safari kwenda kumshitaki, nimshitaki kwa nani?"

Nestori alikuwa anatazama chini. Nilijua kwamba mama hasemi, mama anakaa, anatazamwa. Nikasimama.

"Kwangu."

Watu wakageuka.

"Mshitaki kwangu," nikasema. Ile hotuba yote ilikuwa imenitoka, sikuwa na neno jingine. "Naitwa Zaituni, niko Gwarama. Uliza yule mwalimu Mrangi, hata mbuzi watakuonyesha nyumba. Njoo saa yoyote. Nitamwita huyu mbele yako, na nitakuwa upande wa binti yako."

Mzee akanigeukia. "Na wewe ukimtetea mwanao, kama mama wote? Wewe nikushitaki kwa nani?"

"Kwangu," Zakaria akasema. Mdomo ulikuwa umemrudia. "Kasulu. Gari lake litavunjika tu, lazima atapita kwangu. Nitalizuia."

"Na fundi? Fundi anasema njoo kesho, njoo kesho. Wewe nikushitaki wapi?"

"Huyo umulete kwangu," Mama Furaha akaingilia, mikono kiunoni. "Niko sokoni Kasulu, kwa vitenge, kila siku niko pale. Na mke wake ni mteja wangu, nitamwambia yote."

"Na wewe mama?"

"Miye?" Akafikiri kidogo. "Miye unishitaki kwa Mungu. Wengine wote walishindwa."

Hakuna aliyecheka upande wao, walikuwa wanamngoja yeye. Mzee Bukuru akaegemea fimbo, akatutazama mmoja mmoja, mimi, fundi, Mama Furaha, kisha Nestori, ambaye sasa alikuwa amenyanyua uso na machozi yanamtoka waziwazi, hayafuti. Kisha akanyanyuka bila neno, akaingia ndani, na mlango ukabaki wazi kidogo. Tukamsikia anazungumza na mke wake kwa Kirundi, kwa ile sauti yake ndogo. Nilidaka neno moja moja tu, abantu, kisha benshi.

Nikamvuta Zakaria koti. "Anasema nini?"

Zakaria akaniinamia sikioni, na sauti yake nayo ilikuwa imeshuka.

"Anamwambia aongeze unga. Anasema watu ni wengi."